Kirusi cha Mama

Jumapili, 9 Machi

Mvua imeanza. Ilishuka watu wakitoka kanisani, na huku chini kwenye barabara yetu akina mama walivua viatu vizuri wakavibeba mkononi, wakakanyaga matope meusi ya Kitengela kwa miguu mitupu. Mama aliwatazama kutoka dirishani muda mrefu, kisha akasema neno moja.

"Dozhd."

Nilijua ni mvua. Sijui nilijuaje. Neno lilipanda lenyewe kutoka chini, kama ndoo iliyosahaulika kisimani.

Naandika ili nisipoteze yanayopanda. Mama yangu, Galina, ni Mrusi. Aliolewa na baba, Elphas Amolo, baba akisomea uhandisi kule kwao, na walikuja Kenya mimi nikiwa wa kubebwa. Mpaka nilipofika miaka saba nilikuwa naongea Kirusi na mama. Halafu mwalimu mkuu akawaambia wazazi wangu kwamba lugha nyingi zinanivuruga, nyumbani waongee Kiingereza na Kiswahili basi. Baba akakubali. Mama akanyamaza. Mdogo wangu Morgan hakuonja hata neno.

Januari mama alipata kiharusi nyumbani kwake Isinya, ambako amekuwa akiishi peke yake tangu tumzike baba, na sasa yuko kwangu Kitengela. Mkono umerudi kiasi, mguu unarudi pole pole. Kilichoondoka ni Kiswahili na Kiingereza. Miaka yote ya Kenya imefutika mdomoni, kumebaki Kirusi peke yake. Daktari alituambia ni jambo linalotokea. "Lugha ya kwanza wakati mwingine ndiyo hurudi mbele. Hizo zingine zinaweza kufuata, zinaweza kukataa."

Ukimuuliza kitu kwa Kiswahili, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza kinyume chake, anaitikia vile vile. Hapo ndipo penye taabu. Hujui anataka nini.

Kwa hiyo mimi, Apondi, mhasibu wa shamba la maua, mwanamke wa miaka arobaini na saba, narudi darasa la kwanza.


Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nilimpelekea kikombe nikasema, "Chai?" Akajibu, "Chai." Ni neno lile lile! Siku ya kwanza na tayari niko na neno ambalo sikulitolea jasho.


Alhamisi, 13 Machi

Nimepanga hivi. Chai ya asubuhi ni ya Kirusi, hata nikiwa na haraka. Kwenye basi la kampuni nitasikiliza masomo kwa simu. Nikiosha vyombo jioni nitataja kwa sauti kila ninachoshika. Na kabla ya kulala, sentensi moja kwenye shajara hii, kwa herufi zetu, hata ikiwa ya kijinga.

Ya leo: Ya ustala. Nimechoka.


Jumatatu, 17 Machi

Jana nilibandika karatasi kila mahali: mlango, dirisha, kijiko, sufuria, taa. Mukai, msichana anayemtunza mama mchana, alisaidia kubandika, na leo nikarudi kazini nikakuta ananipita.

"Mama Cindy, lozhka iko wapi?" aliniuliza, kijiko akiwa ameshakishika.

Amegundua pia kwamba nyanya kwa Kirusi ni babushka. "Sasa huyu ni shosho ama ni babu?" Mama alimsikia akisema babushka, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Januari.


Jumanne, 18 Machi

Mvua. Stima zimepotea. Ya ustala tena.


Jumapili, 23 Machi

Sadiyo wa duka la nguo hapa chini ya ghorofa yetu alipanda kumsalimia mama. Aliona karatasi ukutani akauliza, nikamweleza.

"Karatasi ni nzuri," alisema, "lakini walahi ukuta haukuulizi swali. Mimi watoto wangu walikuwa wananijibu Kiswahili. Mamangu akipiga simu kutoka Wajir wanajificha. Siku moja nikawaambia, hapa jikoni chakula kinaombwa kwa Kisomali. Hutaki, kaa na njaa."

"Wakakaa na njaa?"

"Mmoja alikaa mpaka saa kumi. Saa kumi akaomba vizuri kabisa, mpaka na salamu."

Nimechukua hiyo. Kuanzia kesho sipewi chai mpaka niiombe kwa sentensi kamili, na mama ndiye atakayeshika buli.


Jumatatu, 24 Machi

Nimekunywa maji.


Jumanne, 25 Machi

Leo nimekunywa chai. Nilisema, "Mama, day mne chayu, pozhaluysta." Alinitazama, akashika buli kwa mkono ule mgonjwa, akamimina. Nusu ilienda kwenye sahani. Nilikunywa yote, hata ya kwenye sahani.


Jumamosi, 29 Machi

Lugha hii ni ngumu. Sitajidanganya.

Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno: mtu, watu, kiti, viti. Unaliona badiliko linakuja kutoka mbele. Kirusi hubadilisha mkia. Neno linapita mbele yako umelitambua sura, ukigeuka linaonyesha mkia usioujua. Kitabu ni kniga, lakini ukikishika kinakuwa knigu, ukikikosa kinakuwa knigi, ukiwa nacho ni knigoy. Nilimwambia mama haya yote kwa Kiswahili, nikiwa na hasira, akaitikia kwa kichwa.

Halafu akaanza kunisemesha pole pole, akinigonga gonga goti. Kniga. Knigu. Knigi. Nami nikifuata. Ilikuwa kama kusukwa nywele: unainama, unavumilia, unasikia mikono ya mama yako.


Jumatano, 2 Aprili

Nimesahau neno la chumvi mara tatu. Sol. Sol. Sol.


Jumapili, 6 Aprili

Binti yangu Cindy amefunga shule. Aliingia na sanduku, akasoma ukuta mzima, akaniangalia.

"Mathe, umeshikwa na kirusi?"

Nilimrushia kitambaa. Lakini jioni alikaa karibu na nyanya yake, akamtolea simu kuonyesha picha za shule, na kila picha mama alisema neno lake naye Cindy akarudia. Ana sikio. Herufi ile ya "y" nzito, ambayo mimi huitoa kama mtu aliyepigwa tumboni, yeye aliitoa mara moja.

Mama humwita Cindochka, mkia wa kubembeleza. Mimi niko Apondochka. Mukai amekasirika kidogo kwa sababu yeye bado ni Mukai.


Jumamosi, 12 Aprili

Kuna neno jipya na halinifurahishi. Tangu Jumatano mama anasema, "Khochu domoy." Hilo sikuhitaji kutafuta. Nataka kwenda nyumbani.

Anasema akiamka. Anasema akila. Anasema akitazama mvua, na mkono anaupunga kuelekea dirishani, mbali.

Nilimpigia Morgan, Eldoret. Akasema, "Nilijua. Nakuja Pasaka tuongee."


Jumatatu, 14 Aprili

Mukai sasa ni Mukaichka. Amani imerudi.


Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nitaandika kirefu kwa sababu siku ilikuwa ndefu.

Mwaka huu Pasaka ya kwao mama, ile ya Kiorthodoksi, imeangukia siku moja na ya kwetu. Jana mama alimwonyesha Mukai kwa ishara akusanye maganda ya vitunguu, tukachemsha mayai humo, yakatoka na rangi nyekundu iliyoiva kama udongo wa kule Kiambu. Asubuhi aliingia chumbani kwangu akishika ukuta, yai mkononi.

"Khristos voskrese!"

Nami, bado niko kitandani, bila kufikiri: "Voistinu voskrese!"

Jibu hilo, kwamba Kristo kweli amefufuka, halikutoka kwenye simu wala ukutani. Lilitoka kwa mtoto wa miaka mitano. Mama alinibusu mara tatu, shavu hili, shavu hili, shavu hili.

Morgan alifika saa sita, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Alimkumbatia mama, akakaa karibu naye, akaanza, "Mama, umelala vizuri? Unakula?" Mama akaitikia kwa kichwa. "Unaumwa mahali?" Akaitikia. "Huumwi?" Akaitikia. Kaka yangu akaacha kuuliza.

Tulikula wali na kuku. Nilimuuliza mama nyama hii inaitwaje, akasema kuritsa. Halafu uso wake ukakunjamana, akasukuma sahani, akasema, "Domoy. Khochu domoy."

"Kuda?" nilimuuliza. Wapi?

Akajibu kwa uchovu, kama mtu anayeeleza kitu kilicho wazi, na ulimi wake ukiwa mzito vile umekuwa tangu ugonjwa: "K kuram."

Sikuelewa. Nilimwomba arudie. "K kuram, k kuram!" Na akaanza kulia.

Cindy alileta simu iliyo na programu ya kutafsiri, akaisogeza karibu na mdomo wa nyanya yake. Simu ilisikia mambo yake. Mara ya kwanza iliandika "koram", mara ya pili ikatuletea jambo la kuchekesha kuhusu moshi wa sigara. "Hii simu ni fala," Cindy akasema.

"K maana yake ni kwa, ama kuelekea," nilimwambia Morgan. "Kuram nafikiri ni jina la mahali."

"Ni kwao," Morgan alisema. "Lazima ni kijiji fulani kwao."

Mama anatoka Kasimov, mji mdogo kando ya mto, na dada yake Nina bado anaishi huko. Morgan alishawasiliana na binti wa Nina, anayejua Kiingereza. Alimwandikia hapo hapo: je, kuna mahali panaitwa Kuram? Akajibiwa kwamba yeye hapajui, lakini vijiji vya zamani ni vingi na vingine vimekufa. Kisha tukapiga simu ya video. Mtandao ulikuwa unakatika. Mama alimwona Nina, akaweka kiganja kwenye kioo cha simu, akasema tu, "Ninochka, Ninochka," mpaka picha ikaganda.

Baada ya chakula Morgan aliniita kwenye baraza.

"Nyaminwa, dada yangu, sikiza. Tumpeleke kwa Aunty Nina. Huko akiomba maji atapewa maji."

"Hapa hapewi?"

"Unajua kile namaanisha. Anaomba nyumbani. Mtu akiomba nyumbani unamnyima?"

"Amekaa Kenya zaidi ya alivyokaa huko, Morgan. Nina mwenyewe ni mzee anatembelea mkongojo."

"Kwani wewe unamwelewa?"

"Kidogo."

"Kidogo haitoshi, Apondi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye huja na zawadi akaondoka na zawadi, na kwamba anataka kumtuma mama kama mzigo. Aliondoka kabla ya chai. Mvua ilikuwa imeanza tena na taa za gari lake zilipotea kabla hazijafika kwenye kona.

Sentensi ya leo: Ya ne znayu. Sijui.


Jumatatu, 21 Aprili

Mama hakula asubuhi. Mchana alikula vijiko viwili, kwa sababu Mukai alimwimbia.

Nimekuwa mkali kwa Morgan. Lakini je, kama ni kweli? Kama kuna kijiji kinachoitwa Kuram, na ndani yake nyumba ya mbao, na mama amekiweka kifuani miaka yote hii akitupikia ugali?


Jumatano, 23 Aprili

Bado hali chakula vizuri. Daktari amesema mwili uko sawa. "Kuna kitu anataka," alisema. Asante daktari.


Alhamisi, 24 Aprili

Mvua usiku na mchana. Sadiyo amepanda na supu ya mbuzi. Mama alikunywa nusu kikombe, akamwambia "spasibo", asante. Sadiyo akajibu "adaa mudan", kila mmoja kwa lugha yake, wakashikana mikono. Nimeendelea na masomo. Sijui ninasomea nini, lakini nikiacha siku moja nitaacha zote.


Jumamosi, 26 Aprili

Morgan amenitumia ujumbe: ameanza kuulizia paspoti ya mama. Sijajibu.


Jumatatu, 28 Aprili

Hii lazima niiandike tangu mwanzo.

Asubuhi nilikuwa kwenye basi la kampuni, tumepita Kisaju, vioo vimejaa ukungu. Nilikuwa nasikiliza somo la mikia ya maneno. Mwalimu wa kwenye simu ni mwanamke mwenye sauti ya usingizi. Alikuwa anasema: rafiki wa kike, podruga. Marafiki, podrugi. Ninaenda kwa marafiki zangu: idu k podrugam.

K podrugam.

Nilirudisha nyuma. K podrugam. Nikarudisha tena. Mkia wa "am". Ukienda kwao, wakiwa wengi, wanapata mkia wa "am".

Basi "kuram" si jina la mahali. Ni kitu. Ni vitu vingi, na mama anataka kuviendea. Ukikata mkia kinabaki "kur". Kur, kur. Nilipekua kwenye simu. Kuritsa ni kuku mmoja. Wakiwa wengi ni kury.

K kuram. Kwa kuku.

Nilicheka kwa sauti ndani ya basi. Kisha nikalia, na mwenzangu wa idara ya usafirishaji akanipa leso akidhani nimefiwa.

Kuku wa mama! Kuku wake wa Isinya, wale aliowafuga tangu baba astaafu, ambao siku ya ugonjwa tuliwaachia jirani tukafunga nyumba na kufuli. Siku alipoanguka alikuwa anawapelekea maji. Sisi tulikuwa tunapanga ndege, yeye anawaza banda.

Jioni sikuvua hata viatu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama. Domoy, k kuram. V Isinya?"

Alinitazama macho yake ya kijivu yakifunguka. Akashika uso wangu kwa mikono miwili, ule mzima na ule mgonjwa.

"V Isinyu," akanisahihisha. "V Isinyu, Apondochka."

Hata Isinya imepata mkia.

Nilimpigia Morgan. Nikamweleza yote.

"Kuku?" akasema.

"Kuku."

"Nilikuwa nampeleka Urusi, Apondi. Kumbe kuku wenyewe wako hapo Isinya."

"Mimi pia nilisema ni mahali."

Akavuta pumzi. "Unajua ni kwa nini nilitaka aende? Mimi siwezi kuongea na yeye. Wewe hata kama ni kidogo, uko na kitu. Mimi ananiangalia kama mtu wa stima amekuja kusoma mita."

Sikuwa nimewahi kufikiria upande huo. Nilikuwa nimemwona mtu anayetaka kutua mzigo. Kumbe alikuwa mtoto aliyefungiwa nje. Nilimwomba msamaha, naye akaniomba, tukawa kama watu wanaogombania mlango, tafadhali pita, hapana pita wewe.


Jumanne, 29 Aprili

Mama amekula. Ameomba nyongeza. Nimemrudisha Cindy shuleni, na langoni alinibusu mara tatu mbele ya wenzake bila aibu.


Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tumeenda Isinya.

Kutoka barabara ya lami hadi kwa mama ni mwendo mfupi, lakini mvua ilikuwa imeugeuza uji. Morgan alikuja usiku kutoka Eldoret ili aendeshe yeye. Gari lilikwama mara mbili. Mara ya pili tulishuka mimi na Mukai tukasukuma, na Mukai akawa anapiga kelele "Davai! Davai!" kama dereva wa trela huko Siberia. Mama kwenye kiti cha mbele alikuwa amejikaza, mikono kwenye mapaja, macho mbele.

Mama Seleyian, jirani aliyebaki akiwalisha kuku, alitusikia tukija. Alisimama kwenye geti na shuka lake, akamwendea mama akamsalimu kama ilivyo kawaida yao.

"Takwenya!"

"Iko," mama akajibu.

Tuligeuka sote. Hakuna aliyemfundisha. Daktari alihesabu Kiswahili, akahesabu Kiingereza. Hakuna aliyefikiria kuhesabu Kimaa. Mama Seleyian wala hakushangaa, aliendelea kumwongelesha, akimwambia kwa Kimaa kilichochanganyika na Kiswahili kwamba jogoo mmoja alichukuliwa na kicheche na wengine wote wako salama.

Kisha mama alienda kwenye banda. Hakutaka kushikwa. Alishika waya wa uzio, hatua kwa hatua, matope yakimvuta. Alipofika aliinama kidogo akaita kwa sauti nyembamba ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa:

"Tsip-tsip-tsip-tsip!"

Walitoka kila upande. Chini ya trekta bovu la baba, kwenye nyasi ndefu, ndani ya banda, kwa Mama Seleyian hata, kuku wenye mbio na mabawa nusu wazi, wakamzunguka miguuni. Kuku wale wanajua Kirusi kuliko mimi.

Morgan alikuwa amesimama kando yangu. "Anasema nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Mama alikuwa anaongea nao, anaongea bila kukoma, maneno yakimtoka kama maji ya bomba. Nilisikiliza. Nilishika moja hapa, moja pale.

"Anawaambia wamenenepa," nilisema. "Huyo mweusi anamwambia... ni mvivu. Ni mvivu kama siku zote. Anauliza nani alikuwa anawapa maji."

Morgan alijipangusa uso kwa mkono wenye matope.

Kabla ya kuondoka, Mama Seleyian alinivuta kando. "Mnampeleka wapi tena? Huyu ni wa hapa. Wewe kazi yako si iko hapa Isinya? Unalala Kitengela kufanya nini?"

Njia nzima ya kurudi nilitafuta jibu.


Jumatatu, 5 Mei

Nimezungumza na mwenye nyumba. Mwisho wa wiki ijayo tunahama. Mukai amesema atakuja mradi kuna mtandao. Kuna mtandao, ukisimama karibu na tangi.


Jumamosi, 17 Mei

Tumehama kwenye mvua. Godoro langu limelowa. Sadiyo alitufungia sambusa za njiani, akaniambia, "Jikoni kwako usilegeze sheria." Sijawahi kuwa na furaha hivi nikiwa nimelala kwenye mkeka.


Jumapili, 18 Mei

Kila asubuhi sasa Morgan anatuma ujumbe wa sauti kutoka Eldoret. "Dobroye utro, Mama." Lafudhi yake ni ya mtu anayetafuna jiwe. Mama huusikiliza mara kadhaa, kisha humjibu kwa hotuba ndefu ambayo kaka yangu hataielewa. Anasema haijalishi, ataisikiliza mpaka ielewe yeye.


Ijumaa, 23 Mei

Kazini tumekuwa na wakaguzi. Nilifika nyumbani nimeisha. Niliomba chai kwa Kiswahili. Hakuna chai iliyokuja. Mama na Mukai walinitazama kama mahakimu wawili. Day mne chayu, pozhaluysta. Ikaja, na kipande cha mkate.


Jumanne, 27 Mei

Kuna jambo nimelifikiria nikiosha vyombo.

Siku zote nilijua mama yangu kuwa mkali. Si mbaya, mkali tu, mtu wa maneno machache. "Kula." "Lala." "Soma." "Vaa sweta." Marafiki zangu walimwogopa. Hata mimi, mtu mzima, nilikuwa nikipiga simu Isinya natayarisha kwanza la kusema.

Sasa namsikia kwa Kirusi, na si huyo. Huyu ni mtani. Huyu huiga watu. Jana alimwiga mchungaji wetu wa zamani anavyofunga macho akiomba, akamwiga Mama Seleyian anavyohesabu ng'ombe, akaniiga mimi na "y" yangu. Humwambia jogoo mpya maneno ya kumtongoza. Anaeleza kitu kidogo kama kutafuta kibiriti na unakaa kwenye ukingo wa kiti.

Hakuwa mkali. Alikuwa na maneno machache, basi, na yale machache aliyokuwa nayo yalikuwa ya kuamrisha watoto. Baba alimjua huyu mwingine. Ndiyo maana walikuwa wakifunga mlango wa chumba chao tukisikia kicheko, nami nikifikiri ni redio.

Sentensi ya leo nimeisema kwake mwenyewe badala ya kuiandika kwanza. Ty smeshnaya, Mama. Wewe ni wa kuchekesha. Akajibu kwamba alishajua.


Alhamisi, 29 Mei

Mvua imepungua. Majani yake ya kiungo, yale anayaita ukrop, yameota yenyewe kando ya banda.


Jumapili, 1 Juni

Siku ya Madaraka. Jua limetoka tangu asubuhi, baridi kidogo, milima ya Ngong inaonekana safi mpaka mwisho.

Morgan alikuja na kuku watatu wa kienyeji kutoka Eldoret, amewabeba kwenye boksi lenye matundu. Alipoenda kuwafungulia bandani, tulibaki mimi na mama kwenye ngazi tukimenya viazi. Mukai alipita akamwita, "Kaka Morgan, angalia wasitoroke!"

Mama akaacha kumenya. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nilishtuka, nikadhani ni ugonjwa tena. Alikuwa anacheka.

Akaniegemea, akaanza kunihadithia kwa Kirusi, upesi, bila kunisubiri. Ni wiki ya kwanza wametoka kwenye ndege, yuko Nairobi, haelewi neno la Kiswahili. Baba amempeleka kanisani, mimi niko mikononi nimefungwa blanketi. Mchungaji anasimama mbele, anawatambulisha wageni, na anasema kwa sauti kubwa: Kaka Elphas amerudi kutoka Urusi! Kanisa zima linapiga makofi. Kaka Elphas! Karibu, Kaka Elphas! Kaka Elphas asimame tumwone! Na baba anasimama, ndani ya suti yake mpya, anatabasamu, anapunga mkono.

Na kwa Kirusi, mtoto mdogo akitaka kusema amejisaidia kwenye nguo, husema: kaka.

Mama aliuma blanketi langu asicheke. Akaliuma mpaka machozi yakamtoka. Akina mama wa kanisa wakaona mzungu analia, wakajua ameguswa na Roho, wakaja wote kumwekea mikono na kumwombea. Na kadiri walivyoomba, kila mmoja akimtaja kaka Elphas, ndivyo alivyozidi kuuma.

Nilikuwa nimeshaangusha kisu. Nilikuwa nimejishika tumbo, kiazi kimebiringika mpaka chini ya ngazi. Na katikati ya kicheko ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimetafsiri kitu. Hakuna neno nililolisimamisha kulikagua mkia. Hadithi iliingia nikacheka, basi.

"Hukumwambia baba?" nilimuuliza, kwa Kirusi.

"Nilimwambia usiku," mama alisema. "Tangu siku hiyo kanisani hakunitazama tena mpaka ibada iishe."

Morgan alikuja kutoka bandani, manyoya kwenye sweta. "Mnacheka nini?"

Hatukuweza kumjibu. Mama alijipangusa macho kwa aproni, akavuta pumzi, akamwonyesha kwa kidole.

"Kaka," akasema.

Kaka yangu alisimama pale pale. Uso wake wote ulibadilika.

"Apondi, umesikia? Amesema kaka! Kiswahili kinarudi!" Akapiga magoti kwenye ngazi, kati ya maganda ya viazi, akamkumbatia mama kwa nguvu. "Ndiyo, Mama! Kaka! Ni mimi!"

Mama alimpapasa mgongo. Juu ya bega lake alinitazama, akauma kola ya sweta.

Sijamwambia Morgan bado.